Isale Kwenye Faili la Mwenyekiti

Nichekeni sasa hivi yaishe, maana aibu niliyoipata Moshi, mbele ya ukumbi mzima na kipaza sauti kikiwa wazi, hata leo nikiikumbuka natafuta pa kuficha uso, na kibaya zaidi, nikiikumbuka namkumbuka na baba.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu kawa mfanyabiashara na bei ya kahawa inaporomoka. Mimi nilikuwa katibu wa baraza la kuishauri serikali juu ya kukuza uchumi na ubunifu. Jina kubwa, lakini kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza: tunazunguka mikoani, wananchi wanasema yao, kisha wajumbe (profesa, mama wa benki, Singasinga mmoja wa Moshi mwenye karakana ya magari) wanabishana mpaka wakubaliane ushauri mmoja, nami nauandika vizuri unaenda kwa waziri, na waziri akipenda anaufuata, asipopenda anaufungia kabatini. Amri hatukuwa nayo. Hata kuomba radhi kwa niaba ya serikali hatukuruhusiwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mimi ni mtu wa Marangu, kitinda mimba, yule anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Krismasi moja nilikwenda nyumbani nimejaa maneno ya barazani, nikamwambia baba mbele ya ndugu zake ang'oe kahawa apande nyanya. Baba akaweka chini kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi. "Kahawa hiyo ndiyo iliyokusomesha," akasema. "Ukishajua ulichosema, utarudi."

Sikurudi. Huko Dar, kwenye joto lile, nilikuwa natamani ukungu wa asubuhi kwetu, harufu ya moshi jikoni kwa mama, kikohozi cha baba akienda kukagua mibuni yake. Lakini nirudi na uso gani?

Basi baraza likapangiwa Moshi, nikaona nafasi ndiyo hii. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani, na hupeleki mwenyewe, unamtuma mtu, na aliyekosewa akishalipokea, hasira basi. Asubuhi ya mkutano nikakata isale moja na kijishina chake kwenye uzio wa nyumba ya wageni pale Shirimatunda (niliomba, sikuiba), nia yangu baada ya kikao nimpe baba mdogo alipeleke. Sasa niliweke wapi lisivunjike? Nikalichomeka kwenye faili la mwenyekiti, katikati ya hotuba yake, nikijisemea nitalitoa kabla hajapanda jukwaani.

Nikahangaika na viti, nikahangaika na chai, nikasahau. Nakuja kukumbuka, mwenyekiti wetu, profesa muungwana kutoka pwani, yuko jukwaani kainua isale langu juu anatabasamu. Alidhani wenyeji wamemwekea ua la kumkaribisha! Akashuka nalo, naye arudishe heshima, akamkabidhi kwa mikono miwili mzee aliyekaa mstari wa mbele.

"Shikamoo mzee wangu. Pokea, kwa niaba ya wote."

Mzee mwenyewe alikuwa baba yangu. (Kumbe wakulima wa kahawa wa kijijini kwetu walikuwa wamemtuma yeye awasemee, na mimi sina habari.)

Yule Singasinga, mzaliwa wa Moshi, akaninong'oneza, "Katibu, serikali imeomba msamaha?" Baba akaligeuza jani, akasimama na fimbo yake.

"Tumelipokea," akamwambia mwenyekiti. "Sasa taja kosa."

"Kosa gani?"

"Bei ya kahawa!" wakaitikia nyuma. "Mbolea!" "Taja, mbe, taja bwana, usiogope!"

Mwenyekiti akanigeukia, jasho linamtoka. "Katibu, hili jani limetoka wapi?"

"Ni langu, mheshimiwa," nikasema, na kipaza sauti kikadaka kila neno. "Nilikuwa nampelekea baba yangu."

"Baba yako yuko wapi?"

"Ndiye uliyempa."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia viti. Baba hakucheka. "Basi wewe taja lako," akasema.

Jamani, ushauri wenyewe tuliokwenda kuupima siku ile ulikuwa kwamba wakulima wapunguze kahawa wajaribu mazao mapya! Hotuba yote ilikuwa hiyo, na mimi ndiye niliyeiandika. Nikamtazama mwenyekiti, nikamtazama baba, nywele zake zimekuwa nyeupe nami sikuwepo.

"Nilisema kahawa ing'olewe. Nilikosa, baba."

Makofi yaliyopigwa sijawahi kuyasikia tena. Baraza limeangushwa na katibu wake kabla hotuba haijasomwa. Baba akangoja watulie. "Hili nimeletewa na serikali, kwa hiyo nimeisamehe serikali. Wewe lete lako." Akaketi, na wakacheka upya.

Baada ya kikao tukaondoka kurudi Dar. Himo gari likasimama kununua ndizi, na barabara ya Marangu hiyo hapo inapanda, naiona. Nikaomba niende mara moja tu. Mwenyekiti akasema, "Mambo ya familia si umeshayamaliza leo, Katibu?" Nikabaki garini. Nikajiambia Krismasi haiko mbali.

Haikufika. Mvua za vuli zilipoanza nikaitwa kuja kumzika baba.

Nilipanda na isale mkononi, nisijue hata nampa nani. Mama akanishika mkono mpaka mpakani mwa kihamba, kwenye isale changa lililoanza kutoa majani.

"Alilipanda jioni ile ile aliyotoka mkutanoni," akasema. "Nikamwuliza, si umesema ni la serikali? Akasema, serikali inajua wapi kukata isale? Hili ni la mwanangu. Nilitaka tu aje nyumbani."

Nililia kama mtoto. Tangu siku hiyo nimeapa, nikifika Himo nakata kona kwanza, hata kama anayenisubiri ni waziri mwenyewe. Nafika, nasimama karibu na lile isale, sasa limenipita urefu, nasema, baba, nimekuja, na kahawa yako sijang'oa hata mche mmoja.