Saa Mbili kwa Ndege

Nilipanda mto kutoka Kinshasa juu ya boti ya mizigo, majuma matano, nikilala juu ya magunia ya chumvi. Tulikwama mchangani mara tatu. Karibu na Barumbu tulikaa siku sita tukingoja injini itengenezwe, tukila samaki wa kukaushwa tulionunua kwa wenye mitumbwi. Nilishuka Kisangani, katika mtaa wa Makiso, nikiwa na ndevu na begi moja, nikidhani nitakaa kidogo halafu nisonge mbele kama nilivyozoea. Nilikaa miaka tisa.

Nilipata kazi kwenye depo ya mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza sabuni na mafuta kwa jumla. Sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Siku ya kwanza alinicheka.

“Majuma tano? Ndege iko saa mbili tu. Hata sabuni yangu inakuyaka hapa mbio kupita weye.”

Hizo saa mbili ndizo zilizoniharibu. Kwa anga ni kilomita elfu moja na mia mbili hivi. Unakunywa chai huku, chakula cha mchana unakila Kinshasa. Kila mara mama, aliyebaki Kinshasa, aliponiuliza kwenye simu nitakwenda lini kumwona, nilimjibu ni saa mbili tu, siku yoyote nakuja. Mtu aliye mbali kwa majuma matano hupanga safari. Mimi sikupanga kitu.

Saa ya Kisangani imetangulia ya Kinshasa kwa saa moja, na nilisahau kila mara. Nilimpigia alfajiri, nikamkuta amelala.

“Papa,” alisema, maana kwetu mama humwita mwanawe hivyo, “weye umeshaamka kesho? Basi utuambie kuko nini.”

Kisha mdogo wangu wa kike, aliyeniita yaya kwa kuwa mimi ndiye kaka mkubwa, akapiga kutoka hospitali alikolazwa mama. “Yaya, kuja. Daktari anasema si siku nyingi.”

Nikanunua tiketi ya kesho yake, nikamrudishia tonton ufunguo wa depo. Hakuuliza nitarudi lini. Aliona nimefungasha kila kitu.

Uwanjani, saa ya ukutani ikionyesha saa nne na nusu asubuhi, nilipiga simu. Mdogo wangu akamwekea mama sikioni.

“Uko wapi?”

“Uwanja wa ndege, mama. Saa mbili tu.”

Akacheka, pumzi tupu. “Hizo saa mbili zako.”

Hadi leo, katika kila mji ninaopita, ikikaribia saa nne na nusu naacha ninachofanya, na kicheko kile kinapita karibu na sikio langu.

Tuliruka saa tano. Tulitua Kinshasa saa sita mchana, kwa saa ya huko. Mdogo wangu alikuwa amesimama nje, peke yake.

“Amekwenda,” alisema. “Saa nne na nusu.”

“Hapana. Saa nne na nusu nilikuwa naongea naye.”

“Ile ilikuwa ya kwenu, yaya. Nasema ya kwetu.”

Nilihesabu nikiwa nimesimama na begi mkononi. Kwa saa ya Kisangani ilikuwa saa tano na nusu, nusu saa baada ya kuruka. Nilikuwa nimeegemea dirisha, nikila biskuti walizotugawia, nikifurahi kwamba nimewahi.