Dhania ya Siku ya Shukrani

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, miaka ile ya tisini, mboga nzuri kuliko zote zilipoletwa kanisani zikakosa mtu wa kuzila. Nilikuwa nimeolewa karibuni huku Tetu, na nilidhani imani ni kuimba vizuri tu.

Mwaka ule mvua ya masika haikuja. Mto wetu ulibaki mawe. Mama mkwe wangu, Mama Gathoni, aliwakusanya wanawake wachache wa kanisa tukalima sukuma wiki, kila mmoja kipande chake, kwenye mteremko ulio chini ya mabwawa ya maji taka ya mji. Usikunje uso. Maji yale yalipita bwawa moja hadi jingine, uchafu ukizama na jua likifanya kazi yake, na sisi tuliyachukua kwa mtaro kutoka bwawa la mwisho. Bwana afya alituruhusu kwa masharti. Maji yapite chini, yasiguse majani. Tupande mboga za kupikwa tu, na tuache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuchuma. Hayakuwa maji ya kuoshea kitu cha kuliwa.

Kwetu, siku ya shukrani kila nyumba hupeleka mazao kanisani, na baada ya ibada hunadiwa pale nje. Mwaka ule meza ilikuwa na viazi vidogo na mahindi makavu ya kusikitisha. Ndipo akaja Mama Mwangi, mjane, mmoja wa kikundi chetu, na kikapu cha sukuma wiki, na juu yake mafungu ya dhania yaking'aa kwa maji. Watu wote waligeuka. Wachuuzi waliokuwa wakiuza soko la Karatina wakaanza kuuliza shamba liko wapi. Kwetu, kuwauzia hao kulikuwa chakula cha kiangazi kizima.

Dhania, mwanangu, huliwa mbichi kwenye kachumbari, na hatukuruhusiwa kuipanda. Mama mkwe alimsogelea Mama Mwangi akamuuliza polepole ameosha na maji gani.

"Ya mtaro, Mama. Ningetoa wapi mengine? Sadaka haiwezi kuja na vumbi."

Hakuwa na hila hata kidogo. Alitaka Mungu apewe kitu safi.

Mnada ulikuwa umeanza, na baadhi ya mafungu yalikuwa yameingia kwenye vikapu vya watu. Mama mkwe alisimama. Nilimshika leso, nikamnong'oneza kwamba wachuuzi wakisikia hatutauza tena jani moja.

"Wairimu," akasema, "unataka nimpe Mungu kitu ninachoogopa kusema kimetoka wapi?"

Akawaambia watu mambo yote. Kwamba sukuma wiki ikioshwa kwa maji safi na kupikwa vizuri ni chakula, lakini dhania ile isitiwe mdomoni. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Ati sadaka imetoka chooni?" Wakacheka, hata aliyekuwa akinadi akacheka. Dhania ikarudishwa mezani, na sukuma wiki ikafuata. Mama Mwangi alibeba kikapu chake akaondoka bila kumtazama mtu.

Karatina walikataa mboga zetu zote, hata zile tulizolima kwa masharti. Kikundi kilivunjika. Binti mkubwa wa Mama Mwangi alitolewa shule akaenda mjini kuwa yaya. Mama mkwe alienda kwake mara nyingi kumwomba msamaha kwa aibu ile. Mlango haukufunguliwa, na hata siku tulipomzika mama mkwe, Mama Mwangi hakuja.

Mimi nilimlaumu mama mkwe moyoni muda mrefu. Jioni moja, tukila sukuma wiki ambayo hakuna aliyetaka kuinunua, nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Kusema sijuti. Lakini ningepita shambani kwake Jumamosi, singehitaji kusema Jumapili." Akainamisha kichwa akashukuru kwa chakula.

Kiangazi kitarudi, mwanangu, na utahitaji kila tone. Usiyadharau maji yaliyosafishwa, wala usiyaamini kupita kiasi. Yamwage kwenye udongo, panda kinachoingia sufuriani, na mwambie mlaji yametoka wapi kabla hajanunua. Na ukiona jirani anakosea, nenda kwake mapema, mkiwa wawili, wakati bado mlango wake uko wazi. Ukweli hauna budi kusemwa, lakini ukichelewa unaweza kumvunja mtu ambaye hakuwa na ubaya.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na ikikawia akupe subira. Abariki kisima chako na sufuria yako, na mlango wa jirani yako usifungwe kwa sababu yako. Amina.