Tanga Miguuni mwa Mama

Mama Sindano hakuwapenda watu wa mashua za kutembea, na hakulificha hilo. Walikuwa riziki yake, lakini riziki nayo huweza kukera. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwashonea matanga yao yaliyochanika baharini, na katika miaka hiyo walikuwa wamemuuliza kama anayafurahia maisha yake mara nyingi kuliko marehemu mumewe alivyowahi kumuuliza. Hutoka kwao, huzunguka dunia bandari kwa bandari, na kila wakitia nanga hutaka kujua watu wanaishije. Huchungulia jikoni. Hupiga picha nguo zilizoanikwa, za ndani zikiwemo. "Wangechungulia hivyo kwao," alikuwa akisema, "wangeshafungwa."

Jina la Mama Sindano alipewa kwa ajili ya kazi, ingawa waliompa walikuwa wakiufikiria zaidi ulimi.

Kazi yenyewe aliifanyia sebuleni, kwa sababu tanga halishonwi likiwa limekunjwa, ni lazima litandazwe. Siku ya kazi alitoa nje viti, meza na kabati la vyombo, akaweka cherehani chini sakafuni na kuzunguka kwa magoti, ngozi imefungwa kiganjani ili sindano isimtoboe. Kilichobaki ndani ni godoro la mama yake tu. Mama alipatwa na kiharusi, akalala miaka minne, na kile chumba kingine alikikataa kabisa. "Huko mtaniweka nikifa," alisema. Basi nafasi ikibana, pembe ya tanga ilipita juu ya miguu yake. Hakulalamika. Kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu alishikilia ukingo wa kitambaa mwanawe akivuta mshono, na mshono ukipinda alimkaripia kama vile ndiyo kwanza anajifunza kutunga uzi.

Ndivyo mwanamke mmoja alivyowakuta. Alikuwa mke wa nahodha wa mashua nyeupe, na kazi yake safarini ilikuwa kuandika kwenye mtandao habari za watu wa pwani walizopita. Kiswahili alikiokota humo humo njiani na alikisema vizuri tu. Alikuja kufuata tanga lao, akasimama mlangoni, akapiga picha bila hodi. Mama Sindano alikuwa ameinama, hata hakujua.

Miezi mitatu baadaye mama alifariki. Mazishi yakapita, na siku moja bombani mke wa kinyozi akamwonyesha simu. Mama yake huyo hapo, amelala, tanga miguuni. Chini yake kuna maneno: huku hata mgonjwa hufunikwa tanga kuukuu, na bado anatabasamu.

"Kwani shuka hamkuwa nazo?" mke wa kinyozi akauliza, na wenye ndoo wote wakasogea wasikie jibu.

Mama Sindano alikuwa na shuka sita. Kila siku alimbadilishia mama, na zote alizipiga pasi, hata zile zisizoonekana na mgeni. Alibeba ndoo yake nusu, akarudi nyumbani akalia kwa hasira, na tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani, picha ile iondoke.

Mwaka uliofuata mashua nyeupe ikarudi, tanga lake kubwa limepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Upepo wa kuwapeleka waendako ulikuwa umebakiza wiki moja kugeuka, na fundi mwingine alikuwa mbali, mwendo wa siku mbili. Nahodha alilileta tanga kwa mkokoteni. Mkewe alifuata nyuma na kopo la biskuti.

"Habari za siku nyingi, mama," yule mwanamke akasema. "Bibi yuko wapi?"

"Yuko kaburini. Kwenye simu yako bado hai, unamtembeza kwa watu."

Mwanamke akasema pole, akataka kumshika mkono. Mama Sindano aliuficha mkono nyuma.

"Utaifuta ile picha. Usipoifuta, tanga lako mtajifunika nyinyi, hata kama shuka mnazo."

"Lakini watu wameipenda sana, mama. Ina upendo. Naweza kuyabadilisha maneno, niandike unavyotaka wewe."

"Mimi sikuombi uandike. Umeshaandika ya kutosha."

Nahodha akasema kitu kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu anayeangalia kalenda. Mkewe akatoa simu. Mama Sindano alimkalia kooni. Picha ikafutwa kwenye mtandao, akasema na kwenye simu. Ikafutwa kwenye simu, akasema na kwenye kompyuta, tena ailete hapo hapo aone kwa macho yake. Kompyuta ikaletwa kutoka kwenye mashua. Akamwamuru afungue hata kale kapipa ambako vitu vilivyofutwa hungoja, kwa kuwa mke wa kinyozi alikuwa amemfundisha yote hayo.

"Imekwisha," mwanamke akasema, macho mekundu. "Hakuna tena popote. Umeridhika?"

"Toa miguu kwenye tanga, nifanye kazi."

Alilishona kwa siku mbili, mishono mitatu sambamba, imara kuliko walivyostahili. Hasira yake haikuwahi kuingia kwenye uzi. Wakapandisha tanga, wakaondoka bila kupunga mkono, naye akarudisha kabati ndani huku akiimba, jambo ambalo majirani walikuwa hawajalisikia tangu msiba.

Siku ya tatu mdogo wake akampigia. Alikuwa nchi ya mbali yenye baridi, akiwaogesha wazee wa watu, na karatasi zake za ukaazi hazikumruhusu kuja kumzika mama. Sauti yake ilikuwa ya juu.

"Dada, picha ya mama imekwenda wapi?"

"Picha gani?"

"Ile ya yule mwanamke wa mashua. Kila asubuhi naifungua kabla sijaenda kazini. Siku kadhaa sasa siioni."

Mama Sindano akakaa sakafuni. "Uliijua? Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na hasira zako? Ungetaka ifutwe."

"Nimeifutisha. Ilikuwa inatudhalilisha, mdogo wangu. Watu walicheka bombani."

Mama yao hakupenda kamera maisha yake yote. Picha ya kitambulisho ilirudi serikalini na kitambulisho chenyewe walipochukua cheti cha kifo. Mama Sindano alianza kutafuta kichwani picha nyingine, ya harusi, ya shule, ya yeyote, na hakuipata.

"Wewe ulimwona miaka minne, kila siku," mdogo wake akasema. "Mimi nilikuwa na ile tu."

"Alikuwa amefunikwa tanga kama mzigo."

"Alikuwa ameshika tanga, dada. Alikuwa anakusaidia kushona. Hukuutazama mkono wake?"

Hakuwa ameutazama. Alikuwa ameyasoma maneno tu.

"Usinipigie," mdogo wake akasema. "Nitakupigia mimi."

Huu sasa ni mwezi wa tano, na hajapiga.