Mrusi Mmoja, Majina Manne

Puu! Ndivyo kitabu kilivyolia kilipotua kwenye meza yangu ya kuuzia sabuni, hapa mtaani kwetu Kikula, mpaka mishumaa miwili ikabiringika chini. Sauti ile ninayo masikioni hadi leo. Kitabu chenyewe kilikuwa zawadi niliyoitoa mimi, na sikuwa nimewahi kuona zawadi ikirudi kwa aliyeitoa.

Aliyekirudisha ni mzee jirani yetu, mstaafu wa kiwandani, ambaye mtaa mzima tunamwita nkambo, babu. Kwenye barabara yetu wasomaji ni wawili tu, yeye na mimi. Watu wanatuita wagonjwa wa karatasi. Nilipoacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, yeye ndiye aliyeniazima vitabu, kimoja baada ya kingine, nami sikuwa na cha kumpa ila asante. Kwa hiyo siku niliyokiona sokoni, katikati ya viatu vikuukuu, kitabu kinene cha Kirusi cha zamani kilichogeuzwa Kifaransa, nilikinunua hata bila kukifungua. Nilimpelekea siku ileile, kifua mbele.

Wiki mbili baadaye: puu!

"Muke wangu," akaniambia, maana babu wa kwetu hutania wajukuu wa kike hivyo, "kichwa yangu imekufa. Muntu anaingia ku mulango na jina moja, anaikala ku meza na jina ingine. Bote banapotea."

"Nkambo, weye? Weye unajua kila muntu wa hii barabara na deni yake!"

"Minye nasema imekufa. Vitabu yangu yote nimefunga mu karton. Yenga, nyuma ya misa, nabeba ku paroisse. Muzee mwenye kusahau anasoma ya nini?"

Alicheka, lakini mikono yake haikucheka. Ilikuwa imelala juu ya meza kama mikono ya mtu anayeaga. Ilikuwa Jumanne. Mpaka Yenga, yaani Jumapili, siku ya kuvipeleka vitabu parokiani, zilibaki siku tano.

Nikakisoma mwenyewe, huku nikiuza sabuni. Nikapotea vilevile! Kulikuwa na bwana mmoja aliyepanda gari la farasi, na naweza kuapa, aliyeshuka alikuwa bwana mwingine.

Jumamosi mama mkubwa alikuja kutoka Kapolowe na bibi, pamoja na katekista wa huko. Mimi nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu. Katekista akamwita mama yangu kwa jina la ubatizo. Bibi akamwita "binti wa" na jina la marehemu babu. Jirani akapiga kelele uani, "Mama wa" na jina la kaka yangu wa kwanza. Mama mkubwa naye akamwita kijina kifupi cha utotoni, kile ambacho mama hapendi tukisikie. Majina manne, mama mmoja, na kiti chake kimoja. Na hakuna aliyepotea.

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Barusi ni bantu ya kwetu!" nikapiga ukelele.

"Huyu tena," mama akasema. "Bukari inaungua, yee iko ku Barusi."

Jioni ile nilikata jalada la daftari, nikachora mistari kwa rula. Kila mtu wa kitabuni nilimpa mstari wake: jina la kanisani, jina la baba yake, jina la ukoo, jina la mapenzi. Watu thelathini na kitu wakawa kumi na mmoja.

Yenga asubuhi, kabla ya misa, nilimkuta nkambo amevaa shati jeupe, karton ya vitabu imefungwa kamba mlangoni. Nikampa kitabu mara ya pili, na jalada langu ndani yake.

"Ulisomea wapi hii?"

"Kwa mama, mu kupika."

Akavaa miwani. Kidole chake kilitembea juu ya mstari wa nne, kikarudi, kikatembea tena. Akafungua kitabu, akasoma, akatazama jalada.

"Kumbe ule mulevi na ule wa jeshi ni muntu moja?"

"Ni moja, nkambo."

"Na minye niliwalilia bote babili!"

Akacheka mpaka miwani ikamteleza, na safari hii mikono nayo ilicheka. Binti yake alipotoka kutazama kuna nini, mzee alimwonyesha mimi, na sandali zangu za plastiki: "Huyu njo mwalimu yangu. Kichwa yangu iko muzima. Karton ile, rudisha ndani."

Sikungoja chai. Nilipita njia ya reli, ambako saa ya misa hakuna mtu. Nikasimama, nikanyoosha shingo, nikaita kwa sauti jina langu la ubatizo na jina la baba yangu nyuma yake, kama mwanamke wa kitabuni anayeingia kwenye ukumbi mkubwa. Kisha nikajiitikia.