Komadre wa Shoga Yangu

Picha ya kitambulisho changu cha mwanafunzi nilipiga nimevaa mtandio wa hariri na wanja machoni. Kijana wa ofisini akaniambia si lazima kujipamba. Nikamjibu ni lazima. Mimi nilitoka darasa la nne nikauza vitumbua stendi Tanga, nikajenga nyumba ya matofali kwa vitumbua hivyo hivyo, nikasomesha binti mpaka akaolewa na mfamasia huko Alief, Houston. Kuitwa mwanachuo ukiwa tayari ni bibi, tena Marekani, si jambo la kupigia picha na uso mkavu.

Nilikuwa nakaa Garland, mji mwingine wa jimbo hilo hilo, nafanya kazi kiwandani, tunashona na kufunga mito ya makochi. Upande wetu karibu kila mtu alizungumza Kihispania. Wakicheka, sijui wananicheka mimi au wanacheka yao. Sipendi hali hiyo. Nikasikia kuna chuo jirani kinafundisha Kihispania jioni na hawaulizi cheti cha mtu. Nikajiandikisha, na nikamburuta shoga yangu.

Shoga yangu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, mjane, Mkatoliki wa kweli kweli. Kiwandani tulisimama meza moja. Aliniita yaya, ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa. Kiswahili chake mwanzoni nilikisahihisha, baadaye nikachoka, mwishowe nikakipenda. Garland nzima yeye ndiye niliyeweza kumwambia neno bila kulitafuta kwanza kichwani. Kwetu mwanamke ana somo yake, yule anayejua siri zake zote, na somo ni mmoja. Mimi nilishajihesabu somo yake. Hatukula kiapo, lakini nilijihesabu.

Darasani wenzetu walikuwa watoto wa miaka ishirini, wanaweka miguu juu ya viti. Mwalimu alitoka Kolombia, mpole, koti lake limechakaa viwiko. Mwezi wa kwanza tulikwenda sawa. Mwezi wa pili shoga akanipita. Alisoma Kifaransa kwa masista, na lugha hizo mbili ni ndugu. Mimi maneno niliyapigilia kwa nyundo, yeye alikuwa kama anayakumbuka tu. Akisoma, mwalimu anamwambia amefanya vizuri sana. Nikisoma mimi naambiwa poko a poko, kidogo kidogo. Muhula mzima mimi ni poko a poko, na nani aliyemleta chuoni? Nani alikuwa na gari?

Hilo ningelimeza. Lililonikwama ni la kiwandani. Palikuwa na mama mmoja Mmeksiko, mkata vitambaa, ana kichanga. Wakati wa mapumziko shoga akaanza kuhamia meza yake, kujaribu Kihispania, alisema. Nawaona wanashikana mabega kwa kicheko. Nikamuuliza ndani ya gari, "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Yaya, ni mambo ya bwana yake. Ukiitafsiri inaharibika."

Mambo ya bwana yasiyotafsirika! Mimi niliyeolewa mara mbili!

Ramadhani ikaingia. Jioni kabla ya darasa nilifuturu kwa tende ndani ya gari, naye ananishikia kikombe. Siku moja akaniambia yule Mmeksiko amemwomba awe mama wa ubatizo wa mtoto wake. Kwa Wameksiko ukimsimamia mtoto wa mtu, wewe na mama yake mmekuwa komadre, mmefungana mpaka kufa.

"Ni kama somo yenu," akanieleza, kwa furaha, kama ananiletea zawadi.

"Somo ni mmoja," nikamwambia.

"Kwenu. Kwao wanaweza kuwa hata watano."

Ubatizo ulipangwa Jumamosi. Idd ilitegemewa Ijumaa, na aliniahidi kula Idd kwangu tangu asubuhi. Basi siku mbili, kila mtu na yake. Alhamisi jioni binti yangu akapiga simu kutoka Alief: "Mama, sisi tunaswali kesho." Msikitini kwetu wakasema mwezi haujaandama. Nikakwangua kadi ya simu nikapiga Tanga. Huko kulikuwa alfajiri, wanakula daku, hawakuuona. Mimi nafuata mwezi wa kwetu. Sikudanganya mtu. Lakini sitasema kwamba nilisikitika.

Nikampigia shoga. "Idd ni Jumamosi."

Akauliza, "Yaya, mwezi yenu haiko na kalenda?"

"Haina."

"Na binti yako anakula kesho?"

"Binti yangu ana mume wa kumwamulia. Mimi nakula Jumamosi. Utakuja au huji?"

"Mimi si bibi yako ya kuamuliwa, yaya," akasema, na kwao bibi ni mke, kisha akakata.

Jumamosi nimetoka kuswali, pilau iko jikoni inajikausha, mlango ukagongwa. Yeye, amevaa gauni jeupe na viatu vya kuazima. "Idd mubarak. Utanifikisha ku kanisa? Basi iko inachelewa."

Ningeweza kumfungia mlango. Nilichukua funguo. Kumwacha asimame kituoni na gauni lile ingekuwa kumpa komadre wake sababu ya kunisema.

Nikaingia mpaka ndani, nikakaa kiti cha nyuma na nguo zangu za Idd. Padri alisema Kihispania, na niliyaelewa maneno yake karibu yote: je, uko tayari kumsaidia mama huyu? Shoga akajibu yuko tayari, sauti wazi, bila kigugumizi. Mmeksiko akamkumbatia akilia.

Nje nikamfuata yule mama, nikamwambia kwa Kihispania changu cha nyundo, "Leo anakula nyumbani kwangu." Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza nzima kumwambia mtu asiye mwalimu.

Akanitazama, akatabasamu, akajibu polepole ili nielewe, "Na kwangu pia."

Nikamgeukia shoga. "Wewe unasemaje?"

"Nitaanza hapa, juu mtoto ni wangu sasa. Magharibi nitakuya."

Nikaondoka peke yangu. Nilikaa na pilau. Wageni wa msikitini walikuja, wakala, wakasifu, wakaenda. Sikumbuki walisifu nini.

Magharibi bwana wa Mmeksiko akamshusha shoga mlangoni kwangu. Alikuwa ameshiba, niliona tangu anapanda ngazi. Nikampakulia sahani ya mtu mwenye njaa. Akala. Nikamwongezea. Akala tena, taratibu, jasho linamtoka, na mimi sikumwondolea macho mpaka alipomaliza.

"Ni tamu, yaya. Ya kwao haikukuwa tamu hivi."

"Ongea ukweli."

"Ilikuwa tamu. Lakini hii inanipa usingizi kama nyumbani."

Nikafuta meza, nisije nikaonyesha kwamba nimefurahi. Naye, mtu asiyejua kuacha jambo lilipotulia, akasema, "Unaweza kunifungia kidogo nimupelekee komadre?"

Nikaenda jikoni, nikafunga wali kwenye bakuli la plastiki, nikamletea. Akafunua, akachungulia.

"Na nyama?"

"Nyama ni ya wanaokuja kula hapa," nikamwambia, na nikamwekea mapande mawili kwenye sahani yake.