Bromini na Jua la Lukozi

Shangazi yangu anatia rangi batiki nyumbani kwake Lukozi, kule milimani. Katika ukoo wetu ndiye pekee aliyewahi kuniuliza kazi yangu na kukaa kusubiri jibu. Wengine waliridhika kwamba niko maabara mjini, yakaisha.

Nilimweleza hivi. Tunafuga bakteria kwenye chupa. Ndani yao kuna vimeng'enya vinavyopokezana kazi: hiki kinabadilisha kitu kidogo, kinampasia mwenzake, mpaka mwisho wa mstari inatoka nili, bluu ya kawaida. Sisi tumewatia jeni ya kimeng'enya kingine, tuliyoitoa kwa bakteria wa udongoni. Hicho kinakaa mwanzo wa mstari na kubandika bromini, ndugu yake klorini, kabla wenzake hawajagusa kitu. Tukiwapa chumvi yenye bromini, badala ya bluu inatoka zambarau, ile ambayo zamani watu waliikamua kutoka kwa konokono wa baharini.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kusoma kote kule, wewe unabandika."

"Ndiyo, shangazi. Nabandika."

"Basi niletee. Mdogo wako anaolewa, nataka mtandio ambao wenzangu hawana."

Nilipokwenda kwa ajili ya harusi ya binti yake nilibeba unga wa rangi hiyo kwenye kichupa, nao haukuwa mwingi. Alikifungua, akanusa, akakifunga haraka.

"Hao wadudu uliwatoa wapi?"

Hilo ndilo swali nililoomba lisije. "Ukoo wao huishi tumboni."

"Tumboni wapi?"

"Kwenye utumbo, shangazi. Ila hawa wamezaliwa maabara."

Akafungua dirisha. Aliniambia habari ya utumbo nisimwambie mtu mpaka harusi ipite.

Habari ya rangi, kumbe, alishaitangaza. Asubuhi iliyofuata wanawake wenzake wa batiki walijaa uani, nikazunguka kutoa shikamoo mmoja mmoja. Lilikuwa limetoka jua zuri, na shangazi akaamua kazi ifanyike nje ili kila mtu aone. Aliyeyusha nusu ya unga kwa dawa zile zile anazotumia siku zote kwenye batiki, maji yakageuka manjano kama inavyotakiwa, akazamisha mtandio mweupe. Wakati tunasubiri alinisimamisha nieleze. Nikaeleza vimeng'enya, mstari, bromini. Mama mmoja jirani yake alitikisa kichwa kwa heshima kubwa.

Shangazi akautoa mtandio, akautandaza juani upigwe na upepo. Ukawa kijani. Kisha ukawa bluu. Tukangoja zambarau, na ule mtandio ukazidi kuwa bluu, bluu ya sare ya shule.

Yule jirani akauliza kwa upole kama hii ndiyo zambarau ya huko mjini.

"Imebanduka," alisema shangazi.

Niliingia ndani kumpigia simu mwenzangu wa maabara. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Rangi ile, akasema, ikishayeyushwa haivumilii jua kabisa. Mwanga unang'oa bromini yote, kinachobaki ni nili tupu. Sisi maabara tulikuwa tukifanyia kazi kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa hiyo jambo hilo halikuwahi kututokea. Nilikaa kidogo kitandani. Kile kimeng'enya kilinisumbua miaka, kikigoma kufanya kazi ndani ya bakteria wageni, na jua la Lukozi lilikuwa limemaliza habari yake kabla chai haijapoa.

Nilitoka nikamweleza shangazi. Sikutegemea kwamba ataigusa tena ile nusu ya unga iliyobaki, lakini alinyoosha mkono akachukua kichupa, akasema tutarudia kesho, jikoni, mlango umefungwa, na watazamaji wabaki makwao.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito hata mgomba wa jirani hauonekani. Hata hivyo tuliziba dirisha kwa blanketi. Tulifanya kazi kwa kupapasa, tukigongana, harufu ikitukaba, naye akinikaripia kwa Kishambaa kila nilipomwaga kitu. Alipoutoa mtandio mpya tuliukung'uta gizani na kungoja, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kufungua mlango. Mwishowe nikafungua mimi.

Zambarau. Iliyokolea, yenye wekundu kwa ndani, sijaiona dukani. Shangazi aliigeuza upande huu na huu. "Haya," alisema, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Siku ya harusi shangazi aliketi mbele amejitanda mtandio wake, na kila aliyeuliza habari ya mtandio alielekezwa kwangu. Pilau yangu ilipoa nikieleza vimeng'enya kwa meza nzima. Mzee mmoja alinisikiliza kuliko wote, kisha akauliza kama wadudu hao wanaweza kuzuia kabichi zake zisioze. Nilimjibu kwamba kuna dawa nyingi zinazopata nguvu kwa kubandikwa klorini, na kimeng'enya chetu kinaweza kuibandika hiyo pia, kwa hiyo siwezi kusema haiwezekani. Amekwishanipigia simu mara kadhaa kuuliza tumefikia wapi.