Hodi kwa Popo

Leo popo wamekataa kuniitikia hodi. Msicheke kwanza.

Eda ya marehemu mume wangu imekwisha juzi. Miezi minne na siku kumi nilikuwa ndani, naitikia hodi za wanaokuja kunipa pole.

Leo dada yangu Mize kanishika mkono: twende mikokoni, ukatembee, ukaone popo.

Sikutaka. Sikukataa pia.

Njia inapoanzia, Bi Asha anayetembeza wageni akaniambia, "Piga hodi, mwanangu. Humu hamwingiwi kimyakimya."

Nikapiga. Kimya.

Nikapiga ya pili, na ya tatu. Popo wako juu, wamejifunika mbawa kama watu waliolala ndani ya kanga.

Nikageuka kurudi. Si ndivyo tulivyofunzwa chuoni, tukisoma Kurani? Hodi tatu, usipoitikiwa, ondoka.

"Wenda wapi?" Bi Asha akauliza.

"Wenyewe hawajaitikia."

Bi Asha akacheka. Mize hakucheka. Alinipita, akaingia mikokoni, akanigeukia kama mwenye nyumba.

"Karibu," akasema.

Nikaingia. Popo ni wengi. Mkiniuliza wazuri au wabaya, sijui.

Nyie mngeingia?

Nimerudi kwangu sasa hivi. Mlangoni nimepiga hodi moja tu, nikatia ufunguo.